Jina la Kaka Yake

Mume wangu ana majina mawili, na mimi situmii hata moja. Kwetu Kigoma mke aliyefundwa halitaji jina la mumewe kama anayeita mbuzi aliyeingia shambani, na kwao Uvira, upande wa Kongo, ni vivyo hivyo. Namwita Papa, naye ananiita Mama, tangu binti yetu hajazaliwa. Hapa Albert Park watu wanamwita Fundi kwa sababu ya cherehani. Kanisani anaitwa Mzee wa Kwaya, ingawa hajawahi kuimba hata ubeti mmoja; aliwashonea sare, basi. Mtu anaweza kukaa Durban nusu ya maisha yake kwa majina ya namna hiyo, akanunua, akauza, akazika, akaozesha, asiulizwe jina lake la kuzaliwa na mtu yeyote isipokuwa serikali.

Serikali inamjua kwa jina la kaka yake.

Nitaeleza mara moja, na anayetaka kuuita huu wizi auite. Vita vilipoingia kwao, ndugu wawili walikimbia pamoja. Mkubwa alikuwa na jeraha la tumbo, akafia njiani, na mdogo akamzika kando ya barabara kwa jembe la kuazima. Nyumba yao ilikuwa imeungua na karatasi zote. Iliyosalia ni kadi ya uraia ya marehemu, iliyokuwa mfukoni mwake. Mdogo alipofika Afrika Kusini alipanga foleni ya wakimbizi tangu alfajiri, na zamu yake ilipofika ofisa akanyoosha mkono bila kuinua macho. Karatasi ilikuwa ile moja. Mtu aliyemtangulia alikuwa ameanza kueleza habari ndefu, akarudishwa mwisho wa mstari. Papa akanyamaza, ofisa akanakili. Alidhani atarekebisha baadaye. Lakini kibali kikazaa kitambulisho, kitambulisho kikazaa fleti, na binti yetu alipozaliwa akaandikwa kwa jina la baba yake mkubwa ambaye hakuwahi kumwona.

Mimi aliniambia jioni moja tu, kabla mahari haijapokewa, ili nijue naolewa na nani. Alilitaja jina lake la kwanza, la kuzaliwa, kwa sauti ya chini, nikalisikia, tukalifunika. Binti hatukumwambia. Yeye anafanya kazi kwenye famasia huko Westville, na kazini kwake wanajaza fomu na kuapa kwamba kila walichoandika ni kweli. Nilitaka ajaze bila mkono kutetemeka.

Fleti tuliinunua wakati watu wengi walikuwa wanalikimbia jengo letu. Iko ghorofa ya saba, na lifti hufanya kazi inapojisikia. Ukitoa kichwa dirishani unaona winchi za bandarini, na ukikirudisha ndani unasikia redio za Wakongo wote wa ghorofa ya sita. Imeandikwa kwa jina moja tu, lile la kitambulisho. Ndoa yetu ilifungwa kanisani na mchungaji mwenye sauti nzuri asiye na kibali cha kufungisha ndoa, jambo tulilolijua baada ya kula pilau. Mbele za Mungu mimi ni mke. Mbele ya ofisi zao mimi ni mwanamke mmoja anayelala pale.

Binti ndiye aliyeanza habari ya hati. Ilikuwa Jumapili, tumekula sombe na ugali, na yeye alikuwa amechoka kuwaona wazee kule kazini, watoto wao wakigombana mbele ya dirisha la dawa juu ya nani ana haki ya kuamua nini. Akasema kwa adabu zake zote kwamba ingekuwa vizuri baba aandike hati ya uwakilishi, amtaje mtu wa kusimamia mambo yake ikitokea siku hawezi. Wakongo wanaiita procuration, wanaijua, lakini kwao ni karatasi ya kumtuma mtu akuchukulie mzigo bandarini. Si karatasi ya kupotelewa na akili.

Papa alisukuma sahani. "Mutoto, nilikukatalia masomo? Sasa juu ya nini unaniitia mikosi kwa meza?"

"Papa, ni kwa usalama tu. Upate amani."

"Amani iko. Wewe njo unaifukuza."

Akanawa, akaenda kukaa kwenye cherehani yake. Na mimi, mwenye mdomo unaojulikana mpaka mtaa wa Point, nilimwambia mtoto aache uchuro. Kwetu mtu akizungumzia siku atakayopotewa na akili, ameshaitumia salamu. Ndivyo tulivyolelewa, na sijakutana bado na Mswahili anayefikiri vingine akiwa mzima.

Akili yake ilianza kuondoka kwa njia ya mikono. Mtu aliyeshona suti za maharusi wa nusu ya mtaa huu alimpelekea mama mmoja wa kwaya gauni lenye mikono miwili ya kushoto. Yule mama alicheka, akadhani ni utani. Mimi sikucheka. Kisha Kiingereza kikaenda. Kilikuwa cha mwisho kuingia, kikawa cha kwanza kutoka. Wateja wake Wazulu walimsalimu naye akawatazama midomo. Kifaransa cha shule kikafuata. Kilichosalia ni Kiswahili cha kwao na Kifuliiru, ambacho humu ndani hakuna anayekijua, na neno moja tu la nchi hii, "sharp", analolisema kwa kidole gumba juu, hata akiulizwa kama ana njaa.

Daktari alisema ni ugonjwa wa ubongo na haurudi nyuma. Alisema pia kwamba bado yumo, siku nyingine zaidi, siku nyingine kidogo, na kwamba anaelewa mambo yake akiulizwa taratibu. Alituandikia hivyo.

Ndipo Papa akaanza kutaka kwenda kwao. Kila asubuhi nilimkuta mlangoni amevaa koti la suti, begi dogo mkononi, ndani yake taulo na futi ya kupimia nguo. "Tuende, Mama. Jua linatoka." Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, na mimi sikuona kwa nini nibishane na methali. Dada yake yuko hai Uvira, anakaa kwenye kiwanja cha baba yao. Nilimpigia simu. Alisema: mulete, chumba iko, akufie kwetu, siye tutamuosha. Baada ya simu ile nilijua ninalotaka. Nilitaka kuiuza fleti na kumrudisha mume wangu kwao angali anaijua anapoiona. Mnunuzi nilikuwa naye tayari, muumini mwenzetu. Kilichokosekana ni saini ya mtu aliyeandikwa kwenye hati ya nyumba.

Wakili tulimpata Berea, katika nyumba ya zamani iliyogeuzwa ofisi. Alikuwa dada wa Kizulu, umri wa binti yangu, mpole, anayesema Kiingereza pole pole akiwa na mtu kama mimi. Siku hiyo nilikwenda peke yangu. Nilimweleza kwamba nataka karatasi itakayonipa nguvu ya kusimamia kila kitu cha mume wangu mpaka kufa kwake, tulale usingizi.

Akaniambia karatasi ya namna hiyo katika nchi hii hakuna. Nchi nyingine ipo, huku haipo. Hapa hati ya uwakilishi inaishi muda ule tu ambao aliyeitoa angeweza kuinyang'anya mwenyewe. Siku mume wangu atakaposhindwa kuelewa, hati inakufa, yeye akiwa hai. Baada ya hapo ni mahakama: madaktari, mawakili, na mtu wa kuteuliwa asimamie mali ya mgonjwa, na huenda asiwe mimi.

"Sasa huo ni mwavuli gani," nikamuuliza, "unaofungwa mvua ikianza?"

"Eish, Mama," akasema. "Sheria ndivyo ilivyo. Watu wengi hudhani wamejikinga, kumbe bado."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Lakini hakuwa na kosa, na alikuwa bado anasema. Kama mume wangu anaelewa leo, alisema, na atie saini leo. Nami niuze haraka, kabla hajazidiwa. Atamhoji mbele ya mkalimani asiye ndugu yetu, kwa kuwa Kiingereza kimemtoka. Atataka kuona mambo matatu: kwamba anajijua ni nani, anajua ana mali gani, na anajua anampa nani nguvu gani.

Mawili ya mwisho hayakunipa shida. Nikajikohoza. Nikamuuliza, je, kukiwa na mtu, jirani yetu tu, ambaye kitambulisho chake kina kosa katika jina?

"Kosa la herufi?"

"Kubwa kidogo kuliko herufi."

Alinitazama. Akasema huyo jirani itabidi uraia na makazi yake vichunguzwe upya tangu mlangoni alipoingilia, pamoja na wote waliopata karatasi kupitia kwake. Nikamshukuru kwa niaba ya jirani. Njia nzima kushuka mjini nilikuwa nikimwona binti yangu na koti lake jeupe la kazi.

Kwa hiyo niliamua kumfundisha mume wangu jina lake.

Tulianza asubuhi, baada ya chai, mezani. Nilimvua koti, nikaweka begi chini ya kiti. "Papa, yule dada wa ofisini akikuuliza jina, utamwambia nani?"

Akataja lile la kwanza, bila kusita, kwa sauti ya kijana. Sikuwa nimelisikia tangu ile jioni kabla ya mahari.

"Siyo hilo. Lile lingine." Nikalitaja la kitambulisho. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita mume wangu kwa jina usoni pake, na halikuwa lake.

Aliweka kikombe. "Ule ni mukubwa wangu. Iko wapi?"

Ningekuwa na akili ningemwambia amesafiri. Sikuwa nayo. "Alikufa, Papa. Zamani."

Sijui nieleze vipi alivyolia. Alilia kilio cha msiba ulioingia nyumbani sasa hivi, mikono kichwani, akimwita, akiniuliza kwa nini hawakumpa habari, amezikwa wapi, nani alimzika. "Ulimzika wewe," nikamwambia. Aliigeuza mikono yake, akaitazama juu na chini. "Miye?" Akalia upya. Jirani wa upande wa pili aligonga mlango kuuliza kama tumefiwa. Nilimwambia ndiyo, maana nilichoka kufikiri.

Kesho yake alikuwa amesahau yote. Nikaanza tena. Safari hii nilisema kaka yuko Bukavu, ana kazi nzuri, anamsalimu. Akafurahi. Akala mkate. Kisha akanitazama kwa huruma, kama mwalimu anayemtazama mtoto mzito.

"Kama iko Bukavu, Mama, miye nitakuwa ye namna gani?"

Mwendawazimu gani huyo anayejenga hoja hivyo? Nikarudi kwenye kifo, maana ndicho pekee kilichoingia akilini mwake. Kaka amefariki, nilimwambia, amekuachia jina lake, ulibebe. Asubuhi baada ya asubuhi nilimpa habari ya msiba na chai. Nyingine alilia kidogo, nyingine sana. Kuna siku nilimpigia kelele. Kuna siku nililia naye, si kwa ajili ya kaka, kwa ajili yangu. Binti alipopiga simu akasikia kilio, nilimwambia ni ugonjwa. Hakuwa na sababu ya kuuliza zaidi.

Polepole kilio kilipungua. Siku moja nilipolitaja lile jina hakulia. Aliitikia kwa kichwa, akamega mkate. Nilidhani limeingia. Nilifurahi, nikamkaangia mayai.

Mkalimani aliyepatikana ni shemasi wa kanisa jingine, Mkongo, mtu wa Fizi, jirani na Uvira, mwenye miwani na viatu vilivyong'arishwa. Nilimwendea mapema nyumbani kwake na bakuli la dagaa wa kukaanga, nikiwa na nia ya kumweleza kitu kwa mafumbo. Alikula, akasifu mkono wangu, akasema kazi ya ukalimani ni ibada, kwa sababu mkalimani akiongeza au akipunguza amesema uongo kwa kinywa cha mwenzake. Nilichukua bakuli langu nikaondoka. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kuna maradhi ukiyasema yanamwua mwanao.

Siku yenyewe binti alitubeba kwa gari lake. Papa alivaa suti aliyojishonea mwenyewe miaka ile mikono yake ilipokuwa na akili kuliko vichwa vya watu. Alinyoa. Kwenye robot, taa za barabarani, tulisimama karibu na mwanamke anayeuza machungwa, Papa akamwonyesha kidole gumba, "Sharp," naye akamrudishia. Ilikuwa siku yake nzuri. Nililiona hilo, nikamshukuru Mungu mapema mno.

Wakili alituketisha, mimi na binti nyuma, akatuomba tusiseme neno mpaka atuulize. Shemasi aliinua mkono akaapa kwamba kila litakalosemwa humu, la Kiingereza atalitia Kiswahili, la Kiswahili atalitia Kiingereza, lote, kwa uaminifu. Kisha wakili akamuuliza Papa kama anajua kwa nini yuko pale.

"Najua," Papa akasema. "Niko hapa juu bibi yangu auzishe nyumba, anirudishe kwetu. Kichwa yangu inaoza. Nataka kwenda nikiwa ningali najua njia."

Binti alinishika mkono. Wakili akauliza ana mali gani. Akataja fleti, ghorofa ya saba, vyumba viwili, lifti mbovu. Akataja cherehani. Wakili akauliza anampa nani nguvu hii, na je, anamwamini.

"Kuliko hii mukono," akasema, akainua wa kuume.

Shemasi alilitafsiri, na wakili akatabasamu, akafungua kalamu. Niliona mbele yangu kiwanja cha Uvira ambacho sijawahi kukiona, na wifi yangu amesimama mlangoni. Imebaki kitu kidogo tu, wakili akasema, kwa ajili ya kumbukumbu. Ataje jina lake kamili.

Papa akalitaja lile la kwanza.

Wakili akatazama kitambulisho. Akamuuliza tena, taratibu, akamsomea lililoandikwa. Hili silo jina lako, baba?

Na hapo mume wangu akajibu kama mtu aliyejifunza somo lake vizuri. "Hapana. Iyo ni jina ya mukubwa wangu. Alikufaka. Nilimuzika miye, na hii mikono. Bibi yangu alinikumbusha."

Kila nilichomfundisha alikuwa amekishika. Mimi ndiye niliyefundisha upande usiotakiwa.

Shemasi alitafsiri yote. Hakuongeza wala hakupunguza. Alipomaliza alitazama viatu vyake, na mimi nilijua kwamba amejua, kwa sababu ni mtu wa kule, na kule watu wengi walivuka na karatasi za maiti wao. Wakili aliweka kalamu chini, akanigeukia.

"Mama," akaniuliza, "anachosema ni kweli?"

Binti yangu alikuwa ananitazama pia. Nikisema ni kweli, mume wangu ana akili timamu na karatasi zake zote ni za mtu mwingine. Fleti inaondoka, makazi yanaondoka, na mtoto aliyekaa kando yangu si yule aliyeandikwa. Nikisema si kweli, hakuna saini, na hakuna Uvira. Watu wanapenda kusema kwamba nyakati kama hizo muda husimama. Haukusimama. Nje kulikuwa na mtu anakata nyasi kwa mashine.

Nilisema kwa Kiingereza kwamba mume wangu amechanganyikiwa.

Nilichagua Kiingereza kwa makusudi, maana kilikuwa kimemtoka. Nilichosahau ni shemasi na kiapo chake. Alimgeukia Papa, akafunga macho nyuma ya miwani, akatimiza ibada yake.

"Bibi yako anasema umechanganyikiwa, Mzee."

Papa aliniangalia bila hasira, jinsi anavyoangalia kitambaa akitafuta upande wa mbele. Kisha akasimama, akafunga kifungo cha koti, akatangulia kutoka. Binti alilia mpaka mjini, akisema masikini Papa, hata jina lake amelisahau. Nilimwacha aamini hivyo.

Anayeniuliza kama ninajuta, namjibu kwamba leo wakinirudisha kwenye kile kiti nitasema vilevile. Mtoto ana maisha mbele yake, na mimi ndiye niliyemzaa. Lakini nisidanganye kwamba niliposema nilisema kwa ushujaa. Nilisema kwa hofu, na hofu ile bado naisikia mdomoni.

Kabla hatujamfuata Papa nje, wakili alikunja makaratasi yake kwa upole. Alisema hawezi kuchukua saini ya mtu asiyejijua, na sikuweza kumlaumu. Sasa jambo liko mahakamani. Madaktari wamekuja wakamhoji, na wote wameandika kwamba anadai kuwa mtu mwingine, kwamba anadai mwenye kitambulisho amekufa. Wanasema ni dalili. Kila anaposema kweli wanaongeza ukurasa. Mnunuzi wetu alisubiri, akachoka, akanunua fleti kwenye jengo jingine, na sikumsalimia kanisani kwa muda, ingawa hakuwa na kosa. Binti anasema tusikate tamaa, mahakama itamteua msimamizi, fleti itauzwa, tutampeleka baba. Sina moyo wa kumwambia kwamba hata ikiuzwa kesho, uwanja wa ndege kuna ofisa, ofisa ana pasi mkononi, na swali lake la kwanza litakuwa jina.

Wifi yangu hupiga simu na kuuliza tutafika lini. Nilimwambia karatasi. Kwao Uvira wanajua karatasi ni nini, akaacha kuuliza. Siku hizi anapiga kumsalimu tu, na wanaongea Kifuliiru, na Papa anacheka kicheko ambacho mimi sijawahi kumchekesha.

Amesahau mengi. Amesahau cherehani; anaishangaa. Amesahau kwamba tulikwenda Berea, amesahau suti, amesahau shemasi. Kaka yake nimemwacha apumzike; sijamtaja tena humu ndani. Lakini kila asubuhi koti na begi viko mlangoni, nami namwambia kesho, Papa, leo njia ni mbaya, naye anakubali.

Juzi nilikuwa jikoni nakata dagaa vichwa. Alikuja na koti lake, akasimama mlangoni, akaonekana anatafuta kitu hewani.

"Mama," akasema, "miye njo nani?"

Niliosha mikono. Nilitazama kama mlango wa mbele umefungwa. Kisha nikamwambia jina lake, lile la kwanza, nikalitamka lote kama alivyonitajia yeye kabla ya mahari. Alilisikiliza. Uso wake ukatulia.

"Njo ile," akasema. "Kumbe unaijua."

"Naijua, Papa."

"Sasa juu ya nini uliwaambia nimechanganyikiwa?"

Nilirudi kwenye dagaa wangu. Nilijua atakuwa amesahau alichouliza kabla sijamaliza, kwa hiyo sikufanya haraka. Nilikata mmoja mmoja, nikaosha, nikachuja maji, nikafuta meza. Nilipogeuka alikuwa bado amesimama pale, ananingoja.